Filimu za Makoti na Jina Nililotaja

Jina langu usiniulize. Kosa ni langu, nalikubali kabla hujafika mbali. Nilimtaja mwanamke asiye na hatia mbele ya watu wenye uchungu, na wakati namtaja nilimjua mwenye hatia vizuri kabisa. Ni mimi!

Naandika haya nimesimama. Nikikaa dakika mbili nasimama tena, naenda mlangoni, narudi. Mke wangu amechoka kuniuliza nina nini. Kwa hiyo nakuambia wewe nisiyekujua, maana wewe huwezi kunitazama usoni.

Ilikuwa hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, wakati wa vita ya pili. Tulikuwa kikundi cha watu wapenda filimu za zamani. Si za karate, aka! Za karate zilikuwa na watu wao kule sokoni, wanapiga kelele na kurushiana mateke wakitoka. Zetu zilikuwa zile zisizo na rangi, za wauaji na wapelelezi, mvua inanyesha tangu mwanzo hadi mwisho, na wanaume wanavaa makoti marefu na kofia hata ndani ya nyumba. Tuliziita filimu za makoti. Mzungu mmoja alikimbia vita ya kwanza akaacha katoni nzima ya kasete. Papa Esai, mzee mwenye televizyo na gurupe ya kutoa umeme, akaiokota kabla watu hawajaigeuza kuwa kuni.

Usiku ulikuwa wa askari, basi tulitazama mchana. Saa nane, jua kali, tunaziba madirisha ya Papa Esai kwa mablanketi na mabashi ya turubai mpaka ndani kunakuwa giza. Jasho linatutiririka mpaka miguuni. Gurupe inanguruma nyuma ya nyumba, na sisi tunatazama mvua ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua uko wapi.

Mimi nilikuwa mwelezaji. Filimu zilisema Kifaransa, na mimi nilikuwa nimesoma nikabakiza mwaka mmoja tu nipate diplome. Nilisimama kando ya televizyo nawaambia watu kinachosemwa. Pale nisiposikia, nilitia yangu. Na watu walipenda yangu kuliko ya filimu! Hilo ndilo lililoniharibu kichwa, sema unavyotaka.

Tulikuwa pia na desturi yetu, sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoifanya. Filimu ikikaribia mwisho, nabonyeza, picha inasimama inatetemeka. Hapo mtu anavaa koti la mvua la Papa Esai, koti zito la mitumba lililoning'inia kwenye msumari, anasimama mbele ya wote na kumtaja muuaji. Anatoa sababu zake, watu wanambishia, wanamzomea, wanampigia makofi. Halafu tunaendelea kutazama. Aliyepatia anakalia kiti chenye mgongo mpaka filimu nyingine, na sisi wengine tunabaki kwenye mabenchi. Tuliita kutaja.

Mimi nilitaja vizuri. Lakini aliyetaja kuliko sisi wote alikuwa Faida.

Faida alikuwa binti wa Ubwari, aliyekimbilia Baraka na mama yake, na mashine yake ya kushona aliibeba kwenye mtumbwi wakaacha hata masufuria. Alishona kwenye baraza karibu na soko. Magauni, kanzu za kwaya, hata vifungo vya askari walioshika mji, maana askari akikuletea shati hujui kukataa. Alikuwa na ulimi huyo! Siku moja naeleza, maneno yamenikolea, yeye akasema kutoka benchi la nyuma, "Mwelezaji, unadanganya! Ule bwana alifungua kinywa kidogo tu, na weye unasema tangu asubuhi. Hayo maneno yote yalipita wapi?"

Watu wakacheka mpaka Papa Esai akafuta machozi. Nami nikacheka. Nilimpenda, wacha niseme. Sikumwambia hata siku moja, nikawa nabishana naye tu kuhusu filimu, kama vile kubishana ni posa. Na kila alipokalia kile kiti chenye mgongo niliumia kidogo. Nilimpenda na niliumia, yote mawili pamoja.

Basi siku moja tukasikia kwenye redio ya Kifaransa kwamba Ulaya kuna festivali za filimu zetu. Watu wanatoka mbali, wanakaa siku nzima wanatazama, wanabishana, wanakula, wanatazama tena. Jamani! Hatukulala. Kumbe tuna ndugu! Amisi, rafiki yangu tangu utoto, kijana mrefu mwenye kucheka kwa mabega, akasema, "Na siye tufanye yetu. Bao ba Ulaya banatushinda nini?"

Tukafanya. Tukatuma maneno Nundu, Ubwari na hata Kilembwe, na watu wakajibu watakuja. Niamini, katikati ya vita watu walikubali kupita njia zile kwa ajili ya filimu! Walichoka kuogopa. Walitaka kuogopa kitu ambacho kitakwisha baada ya saa moja na nusu.

Televizyo ya Papa Esai ilikuwa ndogo. Mtu wa Nundu akatukopesha kubwa, na mimi nikaenda kuichukua kwa baiskeli, nimeifunga kwa kamba na godoro. Nikiwa narudi, nikafika kwenye bariyeri, kizuizi cha askari.

Hapa ndipo penyewe. Hapa ndipo kila siku narudi kichwani, nikijaribu kujiziba mdomo.

Askari mmoja akagonga godoro kwa fimbo. "Unabeba nini?"

"Televizyo, chef," nikajibu, maana kila askari tulimwita mkubwa hivyo.

"Ya nani?"

Ningesema ya mgonjwa. Ningesema ya padri. Ningesema imekufa napeleka kwa fundi! Lakini mimi mwelezaji, nani anifunge kinywa? Nikasema, "Ya festivali, chef!"

"Festivali njo nini?" akauliza, yaani ndiyo nini.

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa mikono, na askari wengine wakasogea kusikiliza. Walicheka, na walipocheka nikaongeza. Yule wa kwanza akaniuliza, "Bavijana banakuya?"

"Bavijana tupu, chef! Toka Nundu, toka Kilembwe, banakata milima kwa miguu. Bana nguvu sawa ng'ombe!"

"Ni siku gani?"

"Kesho saa nane, kwa Papa Esai, nyuma ya soko. Ukuye na weye, tutakupa kiti."

Akanipiga begani. Hakuchukua kitu. Bariyeri ile ilikula kuku, ilikula sabuni, ilikula hata viatu vya watu, na mimi nikapita na televizyo nzima! Nikakanyaga baiskeli naimba. Nilijiona mtu mkubwa. Ee Mungu wangu.

Kesho yake nyumba ya Papa Esai ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magoti ya wenzao. Wageni walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Tulitazama filimu ya kwanza, tukataja, Amisi akapatia kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakalia kiti chenye mgongo kama chifu. Filimu ya pili ikaanza. Katikati, mtoto wa jirani akaja kumwita Faida, naye Faida akatoka kwa kuinama asizibe picha. Sikumjali.

Gurupe ilinguruma, hatukusikia kitu. Mlango ukapigwa teke, jua likaingia lote kwa mara moja, tukawa kama vipofu. Askari walikuwa mlangoni na kwenye madirisha. Walitaka watu wa kubeba risasi na unga kwenda upande wa Kilembwe. Wakawa wanachagua, wanashika mikono, wanapima mabega. "Weye. Na weye. Simama!" Amisi wakamtoa kwenye kiti kile kile.

Yule wa bariyeri akafika kwangu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mabega. Akanitazama akatabasamu, akasema, "Bwana wa televizyo, weye bakia." Akapita.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema. Papa Esai alikuwa karibu yangu, na mpaka leo sijui kama alisikia au hakusikia.

Vijana wakaenda. Mama Amisi aliwakimbilia mpaka mwisho wa mji, kanga yake ikaanguka njiani, na hakugeuka kuiokota. Amisi alikuwa mtoto wake wa pekee, baba yake alikufa ziwani zamani.

Baadaye wengine walirudi mmoja mmoja, mabega yamechubuka, hawataki kusema. Amisi hakurudi. Walituambia aliteleza kwenye mlima na mzigo, mguu ukavunjika, wakamwacha kando ya njia. Wenzake walisikia risasi moja nyuma yao. Ni hivyo tu. Hata pa kuweka msalaba hatuna.

Matanga yalifanyika kwa Papa Esai, sababu nyumba ya Mama Amisi ilikuwa ndogo. Mablanketi yalikuwa bado kwenye madirisha, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyatoa. Mama Amisi akakaa chini, hakulia tena, akauliza, "Nani alituuzisha? Nani aliambia aba bantu siku na saa? Nipeni jina tu. Sina kingine nawaomba."

Kisha Papa Esai akanigeukia polepole. "Mwelezaji," akasema, "weye juu ya nini walikuacha?"

Nikahisi macho yote. Nikataka kusema. Nakuapia, maneno yalifika hapa, kooni! Lakini mtu mmoja wa nyuma, sijui alitaka kunitetea au vipi, akasema, "Muache! Yeye njo iko na akili ya mambo haya. Mupe koti, ataje!" Na wengine, watu waliozoea mchezo wetu, wakaitikia. "Ndiyo, ataje! Ataje!" Koti likatolewa msumarini, likapita mkono kwa mkono, likanifikia.

Hebu fikiri. Mtu amekufa, na sisi tunavaa koti la filimu kumtafuta muuaji! Lakini hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tumefanya hivyo mara nyingi mno.

Nikalivaa. Na nikishalivaa nikawa yule mwelezaji, ndivyo nilivyo, ulimi wangu ukashika njia yenyewe. Nikauliza, "Nani alitoka kabla ya mwisho? Ni nani, siku ile, alitoka kabla ya askari kufika?"

Wakatazamana. Faida alikuwa amekaa na bamama, analia.

"Nani anashona vifungo vya askari?" nikasema. "Nani anaongea nao kwenye baraza yake, wanacheka naye? Nani hana ukoo hapa?" Nilimsikia mtu akisema eeh, nikaongeza. Nilisema mengi, sikumbuki yote. Nakumbuka tu kwamba yalipangika vizuri. Yalipangika kuliko kesi yoyote niliyowahi kutaja!

Faida akasimama. "Mutoto alikuja kuniita. Mama yangu alikuwa na homa, nilienda kumupa dawa. Nyiye munajua mama yangu ni mugonjwa!"

Nami nikasema, naomba Mungu anisamehe, nikasema, "Katika filimu zote za makoti, mwanamuke mwenye kuuzisha bantu anakuwaka na mama mugonjwa."

Watu wakacheka. Kwenye matanga! Kicheko kifupi, kibaya, kikakatika. Basi ikaisha. Faida alinitazama tu, akangoja. Nilifikiri anangoja watu wamtetee.

Mama Amisi aliinuka bila kelele, akachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya mihogo, akatoka. Watu wakamfuata. Mimi sikwenda. Nilibaki nimevaa lile koti, nikasikia kwa mbali chuma kinapigwa, kinapigwa, mpaka nikaziba masikio. Alikuwa anaivunja mashine ya Faida. Waliniambia aliipiga mpaka mikono yake ikatoka damu, na Faida alisimama kando amemshika mama yake, na hakumzuia.

Asubuhi walipanda mtumbwi, yeye na mama yake. Yule mama alikufia ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi, kabla vita haijaisha.

Sasa sikia kilichonipata mimi. Hakuna kilichonipata! Watu waliniheshimu. Mama Amisi akanifanya mtoto wake. "Weye njo ulinipa jina," aliniambia, "moyo wangu ulipata pa kukaa." Akipata samaki, mkubwa ni wangu. Nilipooa, mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa, yeye ndiye aliyecheza mbele ya bibi harusi. Nikiugua anakuja kukaa kando ya kitanda. Miaka na miaka! Mapenzi yale yalikuwa yananiwasha mwili mzima. Nikimwona anakuja na sahani nataka kuruka dirishani, na bado nilikuwa nakula.

Na filimu, basi tena. Nikianza kutazama, ikifika katikati natoka nje. Sijawahi tena kuona mwisho wa filimu yoyote.

Vita ilipoisha watu walianza kurudi kutoka ng'ambo. Nikasikia Faida amerudi kwao Ubwari. Nikaacha kwenda bandarini, nikapita njia nyingine, mtu mzima anajificha kama mwizi wa mihogo! Lakini mwaka huu nikamkuta uso kwa uso sokoni, amekuja kununua uzi. Nywele zimeingia mvi.

"Mwelezaji," akasema. "Kumbe ungali muzima."

"Faida." Sikuwa na neno jingine. Mimi!

"Mi nilijua," akasema, kama mtu anayesema bei ya uzi. "Tangu siku ileile. Mama mwenye kuuza mikate kwenye bariyeri alinielezea vile ulisema na askari. Kwa matanga nilingojea umalize, useme ni weye. Nikangojea mpaka kwetu nyumbani. Nikangojea mpaka mtumbwi uliondoka."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niseme na nani? Weye njo ulikuwa mwelezaji. Bantu bote walisikia na kinywa yako."

Nikamwomba msamaha, pale pale, kati ya magunia ya ndagala, dagaa wetu, watu wanatupita. Hakukasirika. Ningependa angekasirika! Alifunga uzi wake kwenye kitambaa akauliza, "Mama Amisi angali iko?"

"Iko."

"Anajua?"

Nikatazama chini.

"Basi haujaanza bado kuomba," akasema, akaenda zake.

Nilizunguka mji siku ile mpaka viatu vikanikata. Nilifika kwa Mama Amisi nikarudi, nikafika nikarudi. Mwishowe alikuwa ameniona, akaniita mwenyewe. "Mutoto wangu, ingia, chakula iko." Nikaingia. Akaniwekea sahani magotini, bugali na samaki mukeke, akakaa mbele yangu kunitazama nikila kama alivyozoea.

Nikamwambia. Bariyeri, televizyo, chef, bavijana wenye nguvu sawa ng'ombe. Koti. Faida niliyemkuta sokoni. Yote. Sikutia yangu.

Nilingoja anipige. Mchi wa kutwangia ulikuwa pembeni, nilingoja auchukue. Badala yake aliinama, akaichukua sahani kutoka magotini pangu, akaiweka chini upande wake. Halafu akaanza kuitazama mikono yake, mikono ya bibi sasa, anaigeuza huku na huku.

"Amisi waliniulia," akasema. "Hiyo ni bao askari, na Mungu anawajua. Hata kinywa yako, ulikuwa kijana, ulikuwa na kiburi, mi ningelia, ningekutukana, ningemaliza. Lakini ile mashine ya mutoto wa bantu, mi njo nilivunja. Mama yake mugonjwa alikuwa ananiangalia. Mi sikukuwa muntu wa vile. Weye njo ulinifanya."

Nikaitazama sahani aliyoiweka upande wake.

Kisha akauliza mtumbwi wa Ubwari unaondoka siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Nikasema, "Mama, nitakusindikiza, tutaenda kuomba msamaha pamoja."

"Pamoja?" Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Hapana. Utanionyesha nyumba yake, halafu weye utabakia inje."

Kesho ni Jumamosi. Hajaniita mtoto wake tena, na najua hataniita.

Wewe unayesoma, nakuomba. Siku watu watakapokugeukia na wewe unajua ni wewe, sema! Watakupiga, sawa, watakufukuza, sawa. Usitafute mtu wa kumtaja ili macho ya watu yakuache. Wale wanaokupenda watakuamini, watakwenda kutenda kwa mikono yao uovu ambao ni wako, na siku ukiwaambia ukweli watakuwa wazee, na itakuwa imekwisha kutendeka.